Wanafunzi Watatu wa Ukerewe: Habari za Waliosoma Rubya

Ni desturi ya zamani katika misioni za Ziwa Nyanza, watu wa shule wakutanapo baada ya miaka mingi, kuulizana habari za wanafunzi wa zamani. Fulani yu wapi? Fulani anafanya kazi gani? Na majibu hutolewa kwa daraja. Kwanza hutajwa waliopata upadre, kisha mabruda na masista, kisha makatekista na walimu, na mwisho waliopata kazi ya ukarani serikalini au kwa wafanyabiashara. Lakini yule aliyeacha masomo kabla ya kulifikia kusudi la shule, habari yake husemwa kwa neno moja tu: “Alitoka.” Na hapo mazungumzo huhamia kwa mwingine.

Katika makala hii tumekusudia kueleza habari za wanafunzi watatu waliozaliwa katika watu wa Ukerewe, nao wote walisoma katika seminari ya Rubya. Wawili wao, Angelo Mwirabure na Celestine Kipanda, walipewa upadre tarehe 15 Agosti 1917. Wa tatu, Aniceti Kitereza, alitoka mwaka 1919. Twataka kuonyesha ya kwamba habari ya huyu aliyetoka yawafaa walimu na mapadre kama habari za wenzake wawili. Tena kwamba kitabu chake kilipatikana kwa sababu padre mmoja aliiuliza, na kilikaribia kupotea kwa sababu baada ya padre yule wengi hawakuiuliza.

I. Jinsi shule zilivyofika pwani ya Ziwa

Yafaa kwanza tukumbuke mwanzo wa shule hizi. Mapadre Weupe, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, waliondoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878. Mwisho wa Desemba mwaka ule ule walifika Kagei, pwani ya kusini ya Ziwa, si mbali na Mwanza, mahali pale pale ambapo Stanley alikuwa amepiga kambi mwaka 1875. Mkuu wa safari alikuwa Padre Léon Livinhac. Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walitangulia kuvuka Ziwa kwenda Buganda, wakafika Entebbe mwezi wa Februari 1879.

Buganda haikuwapa amani ya kudumu. Mwishoni mwa mwaka 1882 mapadre waliondoka kule wakarudi upande wa kusini, na mwaka 1883 ikaanzishwa misioni ya Bukumbi, penye Kamoga, katika ghuba ya Mwanza. Walikuwa pamoja na watoto waliokombolewa katika utumwa. Basi wanafunzi wa kwanza wa pwani hii walikuwa watoto wasio na jamaa wa kuwauliza habari zao. Mapadre waliporudishwa tena Buganda, kisha wakafukuzwa mwaka 1888, Bukumbi ndiyo iliyokuwa kimbilio lao. Hapo Kamoga, mwezi wa Mei 1890, Padre Jean-Joseph Hirth aliwekwa wakfu kuwa askofu. Mwaka 1894 alikabidhiwa Vikarieti ya Nyanza ya Kusini, ambayo ndani yake mlikuwamo Mwanza, Ukerewe, Bukoba na Rwanda.

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa hili. Wenyeji wake, Wakerewe, walitawaliwa na Omukama wa ukoo wa Abasilanga. Wageni walikiogopa kisiwa hicho kwa muda mrefu, kwa maana mwezi wa Desemba 1877 Waingereza wawili wa misioni ya Kianglikana, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa huko, walipoingia katika ugomvi wa Omukama Lukange na mfanyabiashara aitwaye Songoro. Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilimwondoa Lukange katika enzi, na Mukaka akawekwa mahali pake. Misioni ya Kagunguli ikapata kusimama, na watoto wa kisiwa, hata wale wa nyumba ya enzi, wakaanza kufundishwa kusoma na kuandika.

II. Seminari ya Rubya

Mwaka 1904 Askofu Hirth aliianzisha seminari ya Rubya katika nchi ya Ihangiro, upande wa magharibi wa Ziwa. Vijana waliletwa kutoka sehemu zote za Vikarieti. Kutoka Rwanda walikuja wengi, na miongoni mwao Balthazar Gafuku na Donat Reberaho. Kijana wa Ukerewe aliyepelekwa Rubya aliliacha Ziwa mashariki mwake, akaenda kukaa juu katika nchi ya migomba, kati ya watu wengine.

Hata hivyo hakuwa mgeni kabisa kwa sikio. Kikerewe ni ndugu wa Kihaya na Kizinza. Maneno mengi ya lugha hizo yafanana, na mtu wa Ukerewe akimsikia Mhaya akisema *omukama* ajua mara moja kwamba anatajwa mtawala. Lakini darasani palikuwa na lugha nyingine. Kilatini kilishika nafasi ya kwanza, kama ilivyokuwa katika seminari zote za Kanisa zamani zile, nacho kilifuatwa na filosofia na teolojia. Aniceti Kitereza alijifunza huko Kilatini na Kigiriki, tena Kijerumani, lugha ya serikali ya wakati ule.

Masomo yalikuwa marefu, na wengi hawakufika mwisho. Tusisahau jambo hilo tunapohesabu. Seminari ilikusudiwa kuwapata mapadre, kwa hiyo ilikuwa haki yake kuhesabu mapadre kwanza. Lakini kwa kila aliyefika altareni walikuwapo wengine kadha wa kadha waliosoma vitabu vile vile kwa miaka mingi, kisha wakarudi vijijini na mijini na elimu yao.

III. Tarehe 15 Agosti 1917

Siku ya Kupalizwa Bikira Maria, mwaka 1917, vijana wanne wa Rubya walipewa upadre: Angelo Mwirabure na Celestine Kipanda wa Ukerewe, Oscar Kyakaraba na Willibald Mupapi wa Bukoba. Hao ndio wanaohesabiwa kuwa mapadre wazalendo wa kwanza katika nchi iitwayo leo Tanzania Bara. Miaka minne kabla yao, tarehe 29 Juni 1913, Buganda ilikuwa imewapata Bazilio Lumu na Victoro Mukasa Womeraka. Na muda mfupi baada yao, tarehe 7 Oktoba 1917, Gafuku na Reberaho walipewa upadre huko Kabgayi, wakawa wa kwanza kwa Rwanda.

Msomaji afikiri ulikuwa wakati gani. Vita vya Ulaya vilikuwa vimefika Ziwani. Waingereza walikuwa wameushambulia mji wa Bukoba mwezi wa Juni 1915, na Mwanza ilikuwa imetekwa mwezi wa Julai 1916. Serikali iliyowakuta vijana hawa wakianza masomo siyo iliyowakuta wakiyamaliza. Katika fujo hiyo nchi ilipata mapadre wanne waliozaliwa humu humu, na tangu siku ile hakuna aliyeweza kusema kwamba kazi hiyo si ya mtu wa Afrika.

Habari hii haikusahauliwa. Mwaka 2017 Kanisa la Tanzania liliadhimisha jubilei ya miaka 100 ya upadre, na majina ya wale wanne yakatajwa tena makanisani. Kadhalika habari ya mwanafunzi mwingine wa Rubya, aliyekuja nyuma yao, yajulikana na kila mtu: Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912, akapata upadre mwaka 1943 na uaskofu mwaka 1952, na tarehe 28 Machi 1960 akafanywa Kardinali na Papa Yohane XXIII, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kupewa cheo hicho. Habari za namna hii hujieneza zenyewe. Sasa tugeukie habari isiyojieneza.

IV. Aniceti Kitereza

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alikuwa mtu wa nyumba ya enzi ya Ukerewe. Baba yake alifariki yeye angali mtoto, na malezi yake yakawa katika kisiwa cha wazee wake, mahali ambapo misioni ya Kagunguli ilimpokea. Mwaka 1909 alipelekwa Rubya, akakaa huko miaka kumi. Mwaka 1919, miaka miwili baada ya Mwirabure na Kipanda kupata upadre, aliacha seminari, akaoa.

Kwa daftari la seminari habari yake ilikwisha hapo. Alikwenda Mwanza, akafanya kazi kwa wafanyabiashara wa Kitaliani. Mji ule ulikuwa ukikua kwa pamba na kwa meli za Ziwa, na mtu mwenye kujua kuandika na kuhesabu alipata kazi kwa urahisi. Basi Kigiriki na Kilatini vyake vikawa havina mtu wa kusema navyo, naye akawa karani kama makarani wengine. Vita vya pili vilipoanza, mwaka 1939, kazi ile ilikwisha, akarudi Ukerewe akafanya kazi katika misioni ya Kagunguli. Watoto waliozaliwa nyumbani mwake walikufa. Yeye na mkewe hawakubakiwa na hata mmoja.

Hapo Kagunguli palikuwa na padre mmoja kutoka Kanada, Almas Simard, aliyependa kuzijua desturi za watu. Huyu hakuridhika kujua kwamba Kitereza aliwahi kuwa mseminari akatoka. Alimwuliza juu ya mambo ya wazee, akaona hazina iliyokuwamo, akamhimiza aandike. Naye Kitereza akaandika. Kazi aliyoimaliza tarehe 13 Februari 1945 ilikuwa hadithi ndefu sana, yote kwa Kikerewe, juu ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali.

V. Kitabu na desturi zilizomo

Wasomaji wanaopenda elimu ya lugha na desturi wanajua ya kwamba Ukerewe ulikuwa umekwisha andikwa kabla ya hapo. Padre Eugène Hurel wa Mapadre Weupe alitoa mwaka 1909 maelezo ya lugha ya Kikerewe, na mwaka 1911 alichapisha katika jarida la *Anthropos* makala juu ya dini na maisha ya nyumbani ya Wakerewe. Ni kazi nzuri, nasi hatutaki kuipunguzia heshima. Lakini iliandikwa kwa Kifaransa, kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, na desturi zimepangwa humo kwa vichwa vya habari: ndoa mahali pake, mazishi mahali pake, matambiko mahali pake.

Kitereza alifuata njia nyingine. Alichukua nyumba moja ya zamani, kabla ya Wazungu kuja, akaacha desturi zionekane zinapofanya kazi. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsumbua mke kwa maneno na kumshauri mume aoe mwingine. Basi wazazi wa Bugonoka wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere hamtaki mke mwingine. Anakwenda ukweni kumwomba mkewe, anatozwa pombe kuwa fidia, na msomaji anajifunza jinsi pombe ya ndizi ilivyopikwa Ukerewe, kwa sababu mume yule hawezi kumpata mkewe pasipo kuipika. Kisha wanatafuta mganga, na hapo twajifunza dawa. Wanapata mtoto, na hapo twajifunza mambo ya uzazi na malezi. Wanalima, wanavua, wanalia matanga. Hakuna desturi inayotajwa bure.

Hata majina ni elimu. *Myombekere* latokana na neno la kujenga, ndiye mjenzi. *Ntulanalwo* maana yake “nakaa nacho siku zote”, nacho hicho ni kifo. Silabi *-lwo* yafuata ngeli ya *olufu*, ndilo neno la kifo. *Bulihwali* maana yake “utakwisha lini”, yaani msiba. Humo mna *-hwa*, ambalo ni kwisha, na mwisho wake ni swali la “lini”. Mwalimu aliyepata kuandika majina ya watoto shuleni, pwani hii ya Ziwa, anajua kwamba wazazi walioonja misiba huwapa watoto majina ya namna hiyo. Kitereza alilijua jambo hilo kwa lugha, akalijua pia nyumbani mwake. Hatuhitaji kusema zaidi kueleza kwa nini mtu asiyebakiwa na mtoto alichagua kuandika juu ya wawili waliomtafuta mtoto wasiachane.

Kusudi lake alilieleza wazi: vijana wasipoteze lugha na maisha ya wazee wao. Hakuandika kwa Kilatini cha Rubya wala kwa Kijerumani. Miaka kumi ya kusoma lugha za watu wengine haikumfanya aidharau lugha ya mama yake.

VI. Miaka 35 ya kungoja

Hadithi ilikwisha kuandikwa mwaka 1945, lakini mchapaji hakupatikana. Lugha ya kisiwa kimoja ina wasomaji wachache, na kitabu kilikuwa kikubwa. Gharama ingekuwa nyingi kuliko faida. Padre Simard alijitahidi, akakifasiri kwa Kifaransa, lakini hata hivyo hakikutoka. Mwaka 1954 Simard alikufa. Yule aliyeuliza hakuwapo tena, na maandishi yakabaki kwa mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gerald Hartwig, mtaalamu wa historia kutoka Marekani, alifika Ukerewe pamoja na mkewe Charlotte ili kuchunguza mambo ya kale ya kisiwa. Wakamkuta mzee Kitereza na kazi yake. Mwaka 1972 waliandika juu yake katika jarida la elimu ya fasihi za Afrika. Kwa kuwa wachapaji hawakutaka Kikerewe, mzee yule, ambaye sasa alikuwa amepita miaka 70, na viungo vyake vikimwuma, alikifasiri mwenyewe kitabu chake chote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakitoa mwaka 1980, katika vitabu viwili; kilipigwa chapa nchini China. Mwezi wa Aprili 1981 Kitereza alifariki, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Baadaye kitabu kilisafiri mbali. Kilifasiriwa kwa Kijerumani katika miaka ya 1990, ndiyo lugha aliyofundishwa ujanani, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi mzaliwa wa Ukerewe, alikitoa kwa Kiingereza akikifasiri kutoka Kikerewe chenyewe. Leo wataalamu hukitaja miongoni mwa hadithi ndefu za kwanza kabisa kuandikwa na mtu wa Afrika ya Mashariki katika lugha yake mwenyewe.

VII. Faida kwa walimu na mapadre

Labda mtu atasema: seminari ni ya mapadre, na mwandishi wa hadithi si tunda lake. Twakubali kwamba Rubya haikukusudia kumpata Kitereza. Lakini yafaa tuulize kama angepatikana pasipo Rubya. Mazoea ya kukaa mezani siku nyingi na kazi moja, hata ukurasa wa mwisho, hayakutoka dukani Mwanza. Shule hufundisha kwa kusudi moja, na mwanafunzi huondoka na vitu vingi. Mwalimu mwenye akili huangalia vyote viwili.

Mtu mwingine atasema kinyume chake: shule hizi ziliwatoa watoto katika mambo ya wazee wao, hivyo hazistahili sifa ya kitabu kinachoyahifadhi. Neno hili lina uzito. Mtoto aliyekaa Rubya tangu miaka 13 hata 23 hakuyaona mengi ambayo rika lake waliyaona nyumbani. Lakini kwa sababu hiyo hiyo huenda aliyaona wazi zaidi aliporudi, kama mtu aliyekaa gizani aonavyo taa. Aliyabeba yaliyo ya kwao mpaka shuleni, na yaliyo ya shule akayarudisha kwao. Mwirabure na Kipanda walifanya vivyo hivyo kwa njia ya altare.

Basi twaona mambo matatu yatupasayo. Kwanza, daftari la shule lisifungwe siku mwanafunzi anapotoka. Aliyeacha masomo aandikwe alikokwenda, kama aliyeyamaliza. Pili, tunapokutana na mwanafunzi wa zamani tusimwulize kazi na watoto tu, bali tumwulize pia anaandika nini, au angependa kuandika nini, na wazee wa kwao walimwachia nini. Wako watu wa pwani hii, kutoka Magu hata Sengerema, kutoka Ukerewe hata Kome, walio na madaftari ya nasaba, ya methali, ya nyimbo za kulimia, nao hawajaulizwa na mtu. Tatu, maandishi yakipatikana yasiachwe mikononi mwa mtu mmoja. Kazi ya Kitereza ilitegemea maisha ya padre mmoja. Alipokufa yeye, ilisimama. Nakala moja iwekwe penye misioni, nyingine penye shule au maktaba, na wawili watatu wajue ziliko.

Mapadre wa kwanza wa Ukerewe walipata jubilei yao, na ni haki. Mwenzao aliyetoka alipata kitabu chake kikiwa njiani, naye yu kaburini. Wa namna yake wangali wako vijijini mwetu, na wengine ni wazee. Tuwaulize wakati wangali wanaweza kujibu.